Nyumba Iliyoonekana Kutoka Mtoni

Mashua ilipoteremshwa ndani ya Mto Nzoia asubuhi ile ya Jumamosi, mwezi wa Oktoba mwaka wa tisini na tano, mtu pekee aliyekataa kuipanda alikuwa Wabwile, fundi aliyeiunda. Alisimama kwenye matope ya ukingo, suruali ameikunja hadi magotini, akiitazama kana kwamba imeundwa na mtu mwingine.

"Fundi, panda bana!" Kemboi alimwita kutoka ndani. "Kama wewe mwenyewe unaiogopa, wageni wangu nitawaambia nini?"

"Siogopi boti. Naogopa maji."

"Basi mwambie mama akushike mkono."

Agneta, mkewe Wabwile, alikuwa ameshaketi kitambo. Alivaa rinda lake la kanisani na kitambaa cheupe kichwani, na magotini alipakata kikapu chenye thamosi ya chai, chapati na mayai ya kuchemsha. Aliposikia maneno ya Kemboi alicheka kwa sauti. Wabwile hakuwa amemsikia akicheka hivyo kwa muda mrefu, na kicheko hicho ndicho kilichompandisha. Aliingia kwa kutambaa, akaushika ubao wa kukalia kwa mikono yote miwili.

Kemboi alikuwa mzee mchangamfu aliyestaafu kutoka idara ya samaki kule Kisumu. Aliporudi nyumbani alikuja na injini ndogo ya mashua iliyofungwa kwa blanketi, na wazo ambalo watu wa Kitale walilichekelea: kwamba kuna watu watakaolipa ili watembezwe mtoni siku nzima, wakiangalia miti na ndege, kisha warudishwe pale pale walipotoka. Alimtafuta fundi hadi mtaa wa Kibomet, akamkuta Wabwile akipiga randa miguu ya kitanda mbele ya chumba chake cha kupanga. Akamchorea mashua mchangani kwa kijiti. Wabwile hakuwa ameunda mashua maishani mwake, lakini mbao alizijua. Na hii ikiwa ndiyo safari ya kwanza, Kemboi alisema haendi bila fundi na mkewe.

Agneta alikubali kabla mumewe hajajibu. Alikuwa na sababu yake. Kemboi alikuwa amesema wataanzia darajani, chini ya Kachibora, wafuate maji hadi penye mawe makubwa, kisha wageuze saa nane. Agneta alijua kilichokuwa katikati ya daraja na mawe hayo. Shamba lao lilikuwa hapo. Ekari tano zilizoshuka hadi mtoni, ambazo walizikimbia mwaka wa tisini na mbili, wakati wa vita vya makabila juu ya mashamba, wakiwa na nguo za mwilini, karatasi za shamba kifuani mwa Agneta, na binti yao Nanyama akivutwa mkono na baba yake. Kifungua mimba wao, Nafuna, walimwacha huko. Alikuwa amekufa kwa malaria akiwa na miaka sita, na kaburi lake lilikuwa nyuma ya jikoni. Hata leo watu walimwita Agneta Mama Nafuna.

"Nataka tu kuona mahali," alikuwa amemwambia mumewe. "Nitaangalia nikiwa majini. Nani atanigusa nikiwa majini?"

"Utaona nini? Mukhisa si alikwambia hakuna kitu?"

"Udongo utakuwepo."

Mukhisa alikuwa kaka mkubwa wa Wabwile, mwenye duka Bungoma. Vita vilipotulia ni yeye aliyejitolea kwenda kuangalia, maana alifahamiana na watu wengi. Alirudi jioni na viatu vimejaa majivu. Akakaa, akainamisha kichwa, akasema nyumba imechomwa yote, hata mawe ya jikoni yamepasuka. Tena kuna majina ya watu wa kuuawa yameandikwa, na la Wabwile ni la tatu. Ukikanyaga kule, alisema, usitegemee kurudi. Siku ile Wabwile na Agneta walikaa chini sakafuni, na majirani wa Kibomet wakaja kuwapa pole kama watu waliofiwa. Tangu hapo Mukhisa hakuwatupa. Kila mwisho wa mwezi aliwatumia gunia la mahindi, na Nanyama alipoingia sekondari alimlipia karo. Kila walipokutana, Agneta alimpigia magoti kumshukuru, na Mukhisa alimwinua akisema, "Simama, mama, damu ni damu."

Mashua iliacha ukingo.

Kwa muda wa saa mbili ilikuwa siku njema. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, kwa sababu ya mvua ya juu milimani, lakini yalikwenda polepole. Miti ilikutana juu yao, na mbega walikaa kwenye matawi na mikia yao myeupe ikining'inia kama taulo zilizoanikwa. Wabwile aliuachilia ubao kwanza kwa mkono mmoja, kisha kwa wa pili. Alichungulia maungio ya mashua yake, akapitisha kidole, akakuta pakavu, na uso wake ukakunjuka.

"Haivuji," alisema.

"Ulitaka ivuje?" Kemboi akamuuliza.

Kutoka mtoni waliona mambo ambayo mpita barabara hayaoni. Mashamba yaliyo na ua mzuri upande wa lango yalikuwa wazi upande wa maji. Waliona vyoo, waliona kuku wamelala kwenye jivu, waliona mwanamume mzima akioga na kuimba wimbo wa kanisa. Kwenye kona moja wanawake wawili waliokuwa wakipika pombe haramu ya chang'aa waliposikia injini walidhani ni polisi, wakaacha mapipa yanachemka na kupotea kwenye mahindi. Kemboi alizungusha kofia yake hewani. "Rudini! Sisi ni wageni tu! Tunatembea!" Lakini nani aliyewahi kusikia watu wanatembea mtoni? Agneta alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa cha kichwa.

Kisha akanyamaza. Mto ulikuwa umepinda kushoto, na alipajua pale ambapo ukingo ulikuwa umechimbwa mchanga. Mchanga huo mumewe ndiye aliyeuchimba, wa kujengea.

"Baba Nafuna," alisema kwa sauti ndogo. "Ni hapa."

Wabwile alikuwa ameshaona. Alikuwa amesimama ndani ya mashua, yeye aliyeogopa maji, na mashua ikayumba. Juu ya mteremko, nyuma ya migomba, bati lilikuwa likimeta juani.

"Zima mashini," alisema.

"Hapa? Hapa kuna mkondo, fundi, tuta..."

"Zima!"

Kemboi akazima. Ghafla palikuwa kimya, ukasikia maji yakilamba mbao. Nyumba ilisimama pale juu, nzima, na moshi mwembamba ukitoka jikoni. Haikuwa nyumba inayofanana tu na yao; ilikuwa yao. Wabwile alizijua zile fremu za madirisha. Alikuwa amezichonga mwenyewe usiku na mchana mwaka wa themanini na sita, vioo vinne na juu yake nusu duara kama jua linalochomoza, na hapakuwa na fundi mwingine katika Trans-Nzoia nzima aliyezichonga hivyo. Mlango ulikuwa wa kijani kibichi, rangi ile ile, hata haikuwa imepakwa upya.

"Si ilichomeka?" Agneta aliuliza. Hakuwa anamuuliza mtu. "Baba Nafuna, si ilichomeka? Si tulilia? Si ilichomeka?"

Wabwile hakuyaondoa macho kwenye madirisha.

Kemboi aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Ilibidi Agneta amweleze, kwa maneno machache yaliyokatikakatika, kwamba ile ni nyumba yao, na kwamba waliambiwa imechomwa na kuwa majivu. Mzee alivua kofia yake. Alichukua kasia, akaisukuma mashua kuelekea ukingoni bila kuuliza zaidi.

"Nitaongea mimi kwanza," alisema. "Nyinyi ni wageni wangu tu. Mmesikia? Wageni."

Kwenye jiwe la kufulia palikuwa na mwanamke kijana aliyekuwa ameacha nguo mkononi. Kemboi akamsalimu kwa lugha ya kwao, "Chamgei!" na mwanamke, aliyeanza kurudi nyuma, akasimama na kuitikia. Jina lake lilikuwa Chelimo. Alisema mumewe yupo, akaita, na Rotich akashuka mteremko, mwanamume mrefu mwenye gamboti miguuni na jembe begani. Alipoiona mashua alicheka kwa mshangao kama mtoto. Aliizunguka, akaigonga kwa kidole, akauliza nani aliiunda.

"Ni huyu fundi," Kemboi alisema.

"Mkono wako uko sawa, fundi. Karibuni nyumbani. Watu hawawezi kutoka kwa maji na wakose kunywa kitu."

Kwa hiyo Wabwile na Agneta walipanda mteremko wao wenyewe wakikaribishwa. Waliketishwa nje, kwenye benchi. Chelimo alileta mursik, maziwa yaliyogandishwa, ndani ya kibuyu, akawamiminia vikombe. Agneta alikishika kikombe chake kwa mikono miwili na hakunywa. Macho yake yalikuwa yakitafuta upande wa jikoni, lakini ukuta ulimzuia.

"Shamba zuri," Kemboi alianza. "Umekaa hapa miaka mingi?"

"Miaka miwili na kidogo," Rotich akajibu. "Mimi nilitoka Kapcherop. Niliuza ng'ombe zote, hata ile ya mahari ya dada yangu, ndiyo nikapata hapa. Nilinunua na karatasi, si kunyakua. Mwenyewe alikufa wakati wa vita."

"Alikufa?"

"Alipigwa mshale, walisema. Fundi kama huyu wako. Hizi madirisha ni kazi yake. Alikuwa Mbukusu, anaitwa Wabwile."

Mursik ilimwagika kwenye suruali ya Wabwile. Hakuifuta.

"Nani aliuza?" aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza tangu watoke mtoni.

"Kaka yake, mwenye duka Bungoma. Alikuja na mjane."

"Mjane alilia hapa!" Chelimo akadakia, akitikisa kichwa. "Alikaa pale pale umekaa, mama. Alilia mpaka na mimi nikalia na yeye. Nilimpa chai ikamshinda kunywa."

Wabwile aliweka kikombe chini, akasimama. Alitoa kitambulisho chake mfukoni, kikaanguka, akakiokota na kumpa Rotich.

"Mimi ndiye Wabwile," alisema.

Rotich alikisoma kile kitambulisho, akamtazama mtu, akakisoma tena. Chelimo alipiga yowe moja fupi na kuziba mdomo, kama mtu aliyeona maiti imeketi. Kisha Rotich akaingia ndani mbio, na Kemboi akasimama haraka akidhani ameenda kuleta silaha. Alirudi na bahasha ya kaki.

"Soma," alimwambia Wabwile. "Soma mwenyewe! Mimi si mwizi!"

Wabwile alisoma kwa sauti, polepole. Karatasi ya kwanza ilikuwa barua yenye muhuri ambao hakuujua, ikisema kwamba *marehemu Wabwile* alifariki katika machafuko. Karatasi ya pili ilikuwa ya mauzo. Palikuwa na sahihi ya Mukhisa, ile sahihi yenye mkia mrefu aliyoijua tangu utotoni. Za mwisho zilikuwa nyaraka zao halisi za shamba, zile walizompa Mukhisa awawekee kwa sababu chumba cha Kibomet kilivuja. Na chini ya ile ya mauzo, palipoandikwa *Agneta, mjane*, palikuwa na alama ya dole gumba.

"Mimi najua kuandika," Agneta alisema. "Nilisoma mpaka darasa la saba. Kwa nini niweke kidole?"

Aliiinamia ile alama ya dole gumba.

"Huyo mjane," akaendelea, akimgeukia Chelimo, "alikuwa anakaa aje?"

"Mrefu, mweusi. Ana kovu hapa kwa nyusi. Na akiongea anaziba mdomo na mkono."

Agneta alikaa chini. Hakuketi kwenye benchi bali chini ardhini, na rinda lake la kanisani. Agneta alimjua mtu mmoja tu aliyeziba mdomo akiongea. Ni Nakhungu, mke wa Mukhisa. Nakhungu ndiye aliyekuja Kibomet siku ile ya majivu na kukaa naye sakafuni siku nne, akimpikia uji na kumshika bega.

Chelimo alichuchumaa kando yake. Alisita, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kitu kimoja kilinishangaza, mama. Kuna kaburi ya mtoto huku nyuma. Ni ya mwenye shamba wa kwanza, mtu anajua. Nilingoja huyo mama aniulize, ama aende aangalie. Hakuuliza. Nikajiambia, huyu ni mama gani?" Akamshika mkono. "Kuja."

Walizunguka jikoni. Kaburi lilikuwa limefyekwa, na mawe madogo ya mtoni yamepangwa kulizunguka ili ng'ombe wasilikanyage. Agneta alilipigia magoti, akaweka viganja vyote viwili juu ya udongo. Hakulia. Aliita tu jina la mtoto mara moja, kama mama anayeita mtoto aje kula.

Wakirudi juu, mashua ilipingana na maji na injini ilinguruma kwa taabu. Mbega walikuwa pale pale. Kikapu cha chakula kilikuwa hakijafunguliwa. Wabwile alikaa mbele kabisa, mikono magotini, maji yakimrukia usoni na yeye asiyapanguse.

"Nimekufa miaka miwili," alisema walipoona daraja. "Na hakuna mtu aliniambia."

*

Mukhisa aliwakuta kwake Bungoma saa saba ya Jumapili, yeye na mkewe wakitoka kanisani. Alifurahi, au alionyesha kufurahi. Aliagiza kuku achinjwe. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya duka, sebule yenye viti vya vitambaa vilivyofumwa, kalenda ya kampuni ya mbolea, na saa ya ukutani. Nakhungu, aliyekuwa mweka hazina wa akina mama wa kanisa, alimkumbatia Agneta mlangoni. Agneta alisimama kama mti, mikono imeshuka.

"Mama Nafuna, wewe mgonjwa?"

"Bado sijajua."

Walikaa. Wabwile hakungoja chakula.

"Kaka, ile siku ulienda kuangalia shamba. Moto ulikuwa umeanzia upande gani?"

Mukhisa alipepesa macho. "Sasa hayo ya zamani unafufua ya nini? Tuombe Mungu tule."

"Nataka kujua tu."

"Ulianzia jikoni. Nilikwambia. Paa ilikuwa imeanguka ndani. Madirisha yako mazuri yale, makaa tupu. Niliokota hata misumari, nikaitupa kwa uchungu."

"Jana tulipita hapo."

"Mlipita wapi? Ile barabara bado ni mbaya, mnataka kuuawa?"

"Hatukupita barabara. Tulipita na boti."

"Na nini?"

"Na boti, mtoni. Mteja wangu alitutembeza."

Kwa miaka mitatu Mukhisa alikuwa ameziziba barabara zote. Kila walipotaja kurudi, aliwaletea habari mpya ya vizuizi, ya vijana wenye mishale, ya mtu aliyerudi na akapatikana kichakani. Mto hakuuwaza. Alibaki na glasi ya maji mkononi. Mlangoni Nakhungu alikuwa ameleta birika la kunawia mikono. Aligeuka kurudi jikoni.

"Kaa, Nakhungu," Agneta alisema. "Habari ni yako pia."

Mukhisa aliweka glasi mezani. Alipozungumza tena hakuwa na woga. Alikuwa na hasira, na hasira hiyo ndiyo iliyomshtua ndugu yake kuliko yote.

"Mngerudi? Sema ukweli hapa, Wabwile. Ungerudi? Ulikuwa unatetemeka ukisikia gari usiku! Wangechukua ile shamba bure, kama walivyochukua ya wengine. Mimi nikatumia akili. Nikapata kitu. Na hicho kitu kimekulisha! Mahindi unakula ya nani? Nanyama anasomeshwa na nani?"

"Na mimi," Wabwile alijibu polepole, kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Kumbe ni mimi nasomesha mtoto wangu. Halafu nakuja hapa na bibi yangu, anapiga magoti, anakushukuru. Na wewe unasema simama mama."

"Nilikuwa nitawaambia."

"Lini?"

"Mambo yakitulia."

"Uliandika nimekufa, Mukhisa. Na mshale."

"Ni karatasi! Karatasi inaua mtu? Si uko hapa unaongea?"

Wabwile aliinuka. Alikuwa mdogo kwa umri lakini mkubwa kwa mwili, na kwa sekunde chache Mukhisa aliinua mkono kujikinga. Wabwile aliutazama ule mkono ulioinuliwa, wa mtu aliyembeba shuleni mgongoni wakati wa mvua, akashindwa kuupiga. Alitoka nje, na kutoka dirishani waliweza kumwona akitapika karibu na tangi la maji.

Ndani, Agneta hakuwa ameondoa macho kwa Nakhungu.

"Chelimo amekusalimia," alisema.

Nakhungu aliziba mdomo kwa mkono. "Alinilazimisha, Mama Nafuna. Naapa. Alisema kama sendi ananirudisha kwetu Lwakhakha na watoto wanabaki."

"Naweza kuamini hiyo. Mume anaweza kulazimisha mtu kuenda. Sasa niambie ya kaburi." Sauti ya Agneta ilikuwa shwari kabisa. "Nafuna alipokufa ni wewe ulimwosha. Mimi nilishindwa, ukanitoa chumbani, ukamwosha, ukamvalisha. Siku ile ulikaa kwa benchi, kaburi ilikuwa nyuma ya jikoni, hatua ishirini. Nani alikulazimisha usiende kumwona?"

Nakhungu alianza kulia, si kilio cha kuziba mdomo, bali cha kifua kizima, na birika likamponyoka, maji yakatapakaa sakafuni hadi kwenye viatu vya mumewe.

"Nyamaza," Agneta alimwambia, akichukua mkoba wake. "Umeshanililia ya kutosha."

Alipita juu ya yale maji akatoka. Kuku aliyechinjwa alikuwa mezani jikoni, hajanyonyolewa.

*

Wazee wa ukoo waliketi mara tatu. Mukhisa alikana mara ya kwanza, akajitetea mara ya pili, na mara ya tatu akakubali kuuza ploti yake ya Kanduyi. Wengine walitaka ashtakiwe, na Wabwile hakusema ndiyo wala hapana. Kila lilipotajwa jina la kaka yake aliangalia mikono yake mwenyewe. Mahindi ya mwisho wa mwezi yalipokuja, Agneta aliyarudisha na mleta mzigo yule yule. Nanyama alikaa nyumbani muhula mmoja kwa kukosa karo.

Aliyewashangaza wote alikuwa Rotich. Siku moja ya Novemba alifika Kibomet kwa baiskeli, Chelimo amekaa nyuma na kuku wawili kapuni, akaulizia kwa fundi wa madirisha. Alisema tangu siku ile ya mashua hajalala vizuri. Ng'ombe wake hawawezi kurudi, na nyumbani Kapcherop hana pa kurudi. Lakini hawezi kulima juu ya mtu aliye hai. Walizungumza mchana kutwa wakiwa wamekalia vipande vya mbao, na walipomaliza walikuwa wameligawa shamba kwa maneno: Rotich abaki na nyumba na ekari tatu, na pesa za ploti ya Kanduyi zimfidie alichopoteza, Wabwile apewe ekari mbili za chini, kutoka jikoni hadi mtoni, pamoja na kaburi. Wabwile alikubali. Baadaye Agneta alimuuliza kama ana furaha, akasema hajui, anajua tu kwamba akiona ile nyumba tena atataka kuingia.

Lakini ili shamba ligawanywe, ilibidi faili lifunguliwe. Na kwenye faili Wabwile alikuwa maiti.

Walifika kwenye ofisi ya ardhi Kitale saa mbili asubuhi, wote wanne, wakapanga foleni hadi saa sita. Karani wa dirishani alikuwa kijana mwenye tai na kalamu mbili mfukoni. Alifungua faili, akasoma, akainua macho.

"Huyu ni marehemu."

"Ni mimi," Wabwile alisema.

"Nakuona, mzee. Lakini faili haikuoni."

Wabwile alitoa kitambulisho. Karani alikigeuza huku na huku, akasema hata marehemu huacha vitambulisho. Rotich akapenyeza kichwa dirishani na kusema kwa nguvu kwamba yeye ndiye aliyeuziwa, na anaapa kwa Biblia mtu huyu ni mzima. Watu waliokuwa nyuma kwenye foleni walianza kucheka. Mmoja akapaza sauti, ati mzee arudi siku ya tatu. Wabwile aliinamisha kichwa. Alikuwa amevaa suti yake ya mitumba, na mgongoni ilikuwa imepauka.

"Sikilizeni," karani alisema, akipunguza sauti, maana hakuwa mtu mbaya. "Kwa hii faili, mtu anatambulika upande wenu ni mjane. Yeye ndiye anaweza kuleta maombi. Mjane yuko?"

Agneta alipita mbele ya mumewe hadi dirishani.

"Niko," Agneta alisema.

"Weka kidole hapa. Halafu tutaona vile tutarekebisha."

Alimsogezea fomu na kibweta cha wino. Agneta aliisoma fomu yote, kuanzia juu hadi chini, kidole kikifuata mistari, huku foleni ikiguna nyuma yake. Kisha akanyoosha mkono, akachomoa kalamu moja kwenye mfuko wa karani. Akalikata neno *mjane* kwa mstari mmoja, akarudia mstari wa pili, na juu yake akaandika *mke*. Chini akaandika jina lake lote, kwa herufi za duara za darasa la saba.

"Mama! Umeharibu fomu ya serikali!"

"Lete ingine," Agneta alisema. "Na hiyo ingine ikiandikwa mjane, nitaharibu pia. Hatuna haraka. Mume wangu amekufa miaka miwili, anaweza kungoja mpaka jioni."

Karani alimtazama. Akamtazama mzee wa suti iliyopauka aliyekuwa amesimama kando yake, ambaye sasa alikuwa ameinua kichwa. Nyuma hakuna aliyecheka tena. Kijana akavuta pumzi, akaangalia mlango wa mkubwa wake kuona kama umefungwa, kisha akafungua droo, akatoa fomu mpya.